Magitaa Matano ya Mashoto

Lile gitaa lilikuwa zuri. Nalisema hili mapema kwa sababu nikilisema mwishoni litasikika kama utetezi, na mimi utetezi sina. Ukiliweka juani uliona mistari ya mninga ikikimbia kutoka tumboni hadi kwenye pembe zake mbili, nyekundu kama chai ya rangi. Shingoni hapakuwa na mahali ambapo ukucha ungekwama. Nililipiga msasa mpaka shangazi, ninayeishi kwake Temeke, akaniuliza kama natengeneza gitaa au naosha maiti.

Mimi ni seremala wa kujifunza mwenyewe. Katika ushirika wetu wa mafundi pale Chang'ombe, ambako tunatengeneza madawati ya shule na fremu za milango, wenzangu wote wamefundishwa na mtu. Mmoja alifundishwa na baba yake, mwingine na mapadri huko kusini, na mwenyekiti wetu alifundishwa na Mhindi aliyekuwa na karakana kabla ya Azimio la Arusha. Mimi nilijifunza kwa kubomoa vitu vya watu na kuvirudisha kabla wenyewe hawajagundua. Ndiyo maana nina ugonjwa mmoja: siulizi. Fundi aliyefundishwa akiuliza, watu husema huyu makini. Mimi nikiuliza nasikia masikioni, "Si tulisema huyu hajui?" Basi badala ya kuuliza napima. Nikishapima napima tena, na kitu kilichokwisha nakifungua ili nione kama kweli kimekwisha.

Habari ya gitaa ilianzia Kinondoni, kwa kinyozi. Ukuta wake ulikuwa umebandikwa kurasa za magazeti ya ng'ambo, na juu ya kioo palikuwa na picha ya gitaa la umeme. Nilikuwa nikinyolewa huku nikisoma maneno ya chini kidogo kidogo, na yale magumu niliyabeba kichwani hadi nyumbani kwenye kamusi. Ukurasa ulieleza kwamba gitaa lile lilitengenezwa kwa ajili ya mpigaji mmoja tu wa huko kwao. Umbo la kwanza alilikataa, la pili pia. La tatu lilipomkaa sawa mwilini, wakaweka sahihi yake kichwani mwa gitaa, wakatengeneza machache yanayofanana kabisa, kisha wakachoma vibao walivyochoria umbo lake ili lisitengenezwe jingine tena.

Nilimwomba kinyozi ule ukurasa.

"Nikiubandua huo, ukuta utaonekana," alisema.

Nikamtengenezea kiti kipya cha wateja, akanipa.

Si muziki ulionivuta, maana gitaa silijui kulipiga. Nilipenda yale maneno, machache yanayofanana kabisa. Kwa mtu kama mimi, anayeshindwa kuachana na droo ya kabati, wazo la kitu ambacho kikishakwisha hakiguswi tena lilikuwa kama habari ya peponi.

Nilijua pia ni nani wa kutengenezewa. Kiwanda kimoja jirani yetu kilikuwa na bendi yake, na mpiga solo wa bendi hiyo alikuwa mtu mzima wa kusini ambaye watu walimfuata kutoka Msasani mpaka Temeke ili tu kumsikia. Siku za kazi alikuwa kwenye boila. Mvuke ulikuwa umemchuna vidole vikawa na mipasuko, na mara nyingine alipiga dansi huku amejifunga plasta. Tena alikuwa mtu wa mashoto. Kula alikula kwa mkono wa kulia na kusalimiana vivyo hivyo, kama alivyofundishwa utotoni kwa fimbo, lakini ukimpa gitaa, mkono wa kushoto ndio uliochapa nyuzi. Gitaa alilopiga lilikuwa mali ya kiwanda, kama ngoma na kama hata mashati ya bendi, na baada ya dansi lilirudishwa stoo. Funguo zake mbili za kukazia nyuzi zilikuwa zimekatika vichwa, zikawa zinakazwa kwa koleo.

Meneja wa kiwanda alikuwa amemwambia kiongozi wa bendi kwamba angekuja kusikiliza dansi moja la Jumapili mchana. Akiridhika na huyo mpiga solo anayesifiwa, atamtoa kwenye boila na kumfanya mwanamuziki, basi, asishike kazi nyingine. Hicho ndicho mpiga solo alichokuwa akikitafuta kwa miaka, vidole vyake vipone. Kiongozi wa bendi alitaka siku hiyo apande jukwaani na chombo cha heshima.

Nikamwambia mimi naweza, akaja na mpiga solo karakana kuzungumza na mwenyekiti wetu.

"Gitaa la umeme?" mwenyekiti alisema. "Sie tunatengeneza madawati, ndugu."

"Dukani hakuna," kiongozi wa bendi alijibu. "Kuagiza nje, fedha za kigeni hazipatikani. Kijana wako anasema anaweza."

"Kijana wangu anaweza kila kitu. Muulize kabati la mwalimu mkuu limekwisha?"

Lilikuwa halijakwisha. Nilikuwa bado sijaridhika na bawaba.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi, ambaye hupenda kuja kunywa kahawa kwenye maranda yetu, aliuangalia ukurasa wangu akatikisa kichwa. "Gitaa lenye jina la mtu mmoja, ndugu zangu? Katika nchi hii? Kesho mtatuletea ngoma yenye jina la mke wa mtu."

"Ndugu mjumbe," mpiga solo alisema, "boila halina jina langu, mbona linaniunguza mimi peke yangu?"

Tulicheka mpaka mwenyekiti akakubali. Nilimwonyesha kwamba tukitengeneza matano, la kwanza likawa lake na manne yakauzwa kwa bendi nyingine, kazi ingelipa. Matano tu, nikasema, halafu vibao tunachoma. Mwenyekiti alisema vibao hatuchomi, ni mali ya ushirika.

Umbo la kwanza nilichora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji nikifuata picha, nikalikata kwa mvule. Mpiga solo alijifunga ule ubao kwa kamba begani, akasimama katikati ya karakana, akaanza kucheza hatua zake za jukwaani. Hakukuwa na nyuzi wala sauti. Wenzangu walimpigia mdundo kwa nyundo za mbao. Alipoinama, pembe ilimchoma mbavu.

"Hili limetumwa na mke wangu," alisema.

La pili nilipunguza pembe, ila kichwa kikawa kizito, ukiachia mkono gitaa linainama kama mtu anayesinzia. La tatu ndilo la mninga. Nililichimba kidogo mgongoni mahali kifungo cha mkanda wake kinapokaa, na pembe ya juu nikairefusha ili kamba ilishike sawasawa. Alilivaa, akacheza, akaachia mikono yote miwili, nalo likabaki limetulia kifuani pake. Alinitazama bila kusema utani wowote.

"Fundi," akasema baadaye, akiwa mlangoni, "ila mimi usinibadilishie mambo yangu. Nimezeeka nayo."

"Ondoa shaka, kaka," nilimjibu.

Sikumuuliza mambo gani. Nilidhani anazungumzia umbo, na umbo tulikuwa tumeshalimaliza.

Sahihi yake aliniandikia kwenye kipande cha mbao. Alijua kuandika kwa sababu ya kisomo cha watu wazima pale kiwandani, na herufi ya mwisho ilikuwa imeteleza chini ya nyingine kama mguu wa mbuzi ulioingia shimoni. Mkono uliniwasha kuinyoosha. Sikuinyoosha. Niliichonga vilevile kwenye mpingo, nikaijaza waya wa shaba, na kwa siku kadhaa nilitembea nikijisifu moyoni kwamba mimi ni fundi ninayeheshimu mkono wa mtu.

Kisha kiongozi wa bendi akaniletea gitaa la zamani nilibomoe. Hapakuwa na njia nyingine. Zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye amplifaya hazikupatikana mjini, wala funguo, wala nyuzi zenyewe. Nilipolilaza kwenye meza ndipo nikaona. Gitaa la kawaida, uzi mnene unakaa juu, upande wa kidevu cha mpigaji, na mwembamba chini. Hili lilikuwa limefungwa nyuzi hivyo hivyo kawaida, kwa mtu wa kulia. Maana yake mpiga solo alikuwa akiligeuza tu, na kwake uzi mnene ulikuwa chini na mwembamba juu. Alikuwa akipiga kichwa chini miguu juu.

Nikamwonea huruma. Huruma kabisa, ya machozi. Niliwaza, miaka yote hii mtu huyu anateseka na chombo kisichomfaa, na hakuna aliyekuwa na akili ya kumsaidia. Mimi ndiye wa kwanza kuona.

Nikageuza kila kitu. Vitufe vya sauti nilivihamishia upande wa mkono wake. Nilichukua mfupa wa ng'ombe buchani, nikauchemsha, nikauchonga uwe kile kipande kidogo kinachokaa shingoni mwa gitaa kikiwa na mifereji ya kupitishia nyuzi, na kila mfereji niliupima kwa uzi wake, mnene juu, mwembamba chini, kama inavyotakiwa kwa mtu wa mashoto. Daraja, lile linalobeba nyuzi huku chini, nililiweka kwa mshazari wa mpangilio huo nikaligandisha kwa gundi. Na kwa kuwa ukurasa ulisema yanafanana kabisa, niliyakata yote matano hivyo hivyo, manne yakingoja sumaku za magitaa makuukuu ya watakaoyanunua. Matano yote ya mashoto. Nilikuwa na furaha ya ajabu, na furaha ikiwa kubwa namna ile haimwachi mtu nafasi ya kufikiri.

Ijumaa, mpiga solo alipita karakana akitokea kazini. Alitaka kulishika kidogo, ajizoeze.

"Vanishi haijakauka, kaka," nilimwambia. Nilikuwa nimelifunika shuka.

"Hata kuligusa shingo tu?"

"Litaharibika."

Vanishi ilikuwa imekauka tangu juzi yake. Nilitaka alione mara ya kwanza likiwa jukwaani, limekamilika, mbele ya watu, na mimi nikiwapo. Aliangalia shuka, akafuta jasho, akaenda zake.

Jumapili ukumbi ulijaa. Watu walikuja na watoto, vijana wa Temeke wamevaa suruali zinazofagia sakafu, na meneja wa kiwanda alikaa meza ya mbele na mkewe. Nilimkabidhi mpiga solo gitaa juu ya jukwaa. Alipitisha kiganja kwenye mninga. Akaifuata sahihi yake kwa kidole, polepole, mpaka kwenye ile herufi iliyoteleza, akacheka peke yake. Akanipa mkono wa kulia. Nilishuka nikaenda kusimama mlangoni, nipate kumwona vizuri.

Ngoma zikaanza, besi ikaingia, gitaa la rithimu likaingia. Akasubiri zamu yake, akafumba macho kama kawaida yake, akachapa.

Sauti iliyotoka sitaisahau. Ilikuwa kubwa, safi, na ya hovyo. Vidole vilikwenda vilikozoea kwenda, na kila mahali vilipofika vilikuta mtu mwingine ndani ya nyumba. Alijaribu tena. Alifumbua macho.

"Mzee kalewa!" mtu alipiga kelele.

"Mpeni maji!"

"Si maji, mpeni gitaa lake!"

Hapa ndipo pana jambo ambalo limenifanya niandike haya yote. Wakati anakosea, mimi sikumwonea huruma. Nilimkasirikia. Nilimgeukia mkata tiketi aliyekuwa karibu yangu mlangoni nikasema, "Hajazoea chombo kizuri, huyu." Nilisema hivyo. Mkata tiketi akaitikia kwa kichwa, na nadhani aliwasimulia wengine.

Mpiga solo akaja ukingoni mwa jukwaa, akaniita kwa mkono, nikasogea. Bendi iliendelea nyuma yake, ikizungukazunguka palepale.

"Fundi, umezigeuza nyuzi."

"Nimezinyoosha, kaka. Sasa ndiyo ziko sawa."

"Sawa kwa nani?"

Nilianza kumwonyesha mifereji kwa kidole, akanikatiza.

"Zirudishe upesi."

"Haiwezekani hapa. Mifereji ya mfupa ni ya kipimo. Uzi mnene hauingii kwenye mfereji mwembamba."

"Basi lile langu la zamani. Mtume mtu."

"Lile nimelitoa sumaku," nikasema. "Nimeliweka humu."

Aliliangalia gitaa alilolivaa. Halafu aliniangalia mimi, si kwa hasira, kama vile mtu anavyoangalia mahali alipokuwa ameegesha baiskeli asiikute. Akarudi. Alilivua, akaliegemeza kwenye amplifaya kwa adabu, akanong'ona na kiongozi wa bendi. Saksafoni ikachukua sehemu zake. Yeye akaokota manyanga.

Mchana kutwa alitikisa manyanga, pembeni, nyuma ya waimbaji, kazi ambayo bendi humpa mtu anayejifunza. Alikuwa akitabasamu kwa sababu watu wa jukwaani sharti watabasamu. Meneja alimwinamia kiongozi wa bendi, na kwa kuwa nilikuwa nimesogea kutafuta mahali pa kujificha nilisikia. "Huyu ndiye mliyeniambia?" Kisha akamchukua mkewe wakaondoka kabla ya mapumziko.

Kesho yake mwenyekiti aliyapanga yale manne mengine ukutani, akayatazama moja moja.

"Yote ya mashoto?"

"Yote."

"Sasa Dar nzima wapiga gitaa wenye mashoto ni wangapi?"

"Sijui, mwenyekiti."

"Hukuuliza."

"Si neno," alisema mwenzangu mmoja bila kuacha kupiga randa. "Mteja akija, tunamkata mkono wa kulia kwanza."

Walicheka, na mimi nilijaribu kucheka nikashindwa, nikaenda kujifanya natafuta tupa. Yale manne yalikatwa, mbao zake zikawa migongo ya viti vya walimu. Sikuombwa kuyakata mimi. Nilisikia msumeno nikiwa nje.

Mpiga solo alikuja jioni ya siku ileile. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaketi kwenye kigoda na kuliweka gitaa mapajani. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kuomba radhi, lakini aliinua kiganja.

"Nikueleze jambo," alisema. "Nilipoingia bendi sikuwa mpigaji. Nilikuwa mbeba vyombo. Mpiga solo wa wakati ule akienda kupumzika, ananiachia nishike gitaa kidogo. La kiwanda. Ningethubutu kugeuza nyuzi? Angerudi akanitia kofi. Basi nikaligeuza gitaa lenyewe, nyuzi nikaziacha za mwenyewe. Alipoacha kazi, mikono yangu ilikuwa imeshajua hivyo. Zile solo watu wanazozisifu, nyingi zinatoka hapo, kwa sababu uzi mwembamba ninauvuta kwa kuushusha chini, wenzangu wanausukuma juu."

"Ningekuuliza," nilisema.

"Ungeniuliza, ndiyo." Alilisema kama jambo dogo, na hapo ndipo liliponichoma. "Haya, nirudishie nyuzi zangu."

Nikamwambia aniachie gitaa mpaka wikiendi. Nilitaka kuchonga mfupa mpya, na daraja nilibandue bila kuumiza vanishi, nilipange upya kwa mshazari wa upande wa pili, kwani likibaki lilivyo sauti za juu zitakuwa chachu kidogo, hazitalingana na za chini.

"Hapana," alisema. "Hapahapa. Nakuangalia."

Basi nililibana kwenye jiriwa huku yeye ameshika shingo. Niliupanua ule mfereji mwembamba kwa tupa mpaka uzi mnene ukaingia, na mifereji mipana nikaijaza vumbi la mfupa na gundi ili nyuzi nyembamba zisicheze ndani yake. Kile kipande nilichokuwa nimekisugua mpaka kikang'aa kama jino la mtoto kilibaki na mabaka. Kwa kila uzi nilisimama nikamuuliza, "Huu hapa?" naye akajibu, "Hapo." Wenzangu waliacha kazi wakatazama. Hakuna aliyetania.

Tulipomaliza alilipiga bila amplifaya, kwa sauti ndogo kama ya mbu. Vidole vilikimbia. Alikuwa yeye. Lakini alipopanda juu kabisa shingoni nilisikia ule uchachu niliomwambia, na uso wangu ulikunjamana.

"Ni daraja," nilisema. "Kaka, niachie siku mbili tu. Nitalifanya liwe sawa kabisa."

Aliacha kupiga. Alilifunga gitaa kwenye kanga aliyokuja nayo, akafunga fundo, akalikaza.

"Kwako halilali," alisema.

Meneja hakurudi kusikiliza tena. Mpiga solo bado anapiga Jumapili, na uchachu wa juu anaukwepa au anaupitia haraka, watu hawausikii. Mimi nausikia hata nikiwa barabarani. Gitaa likihitaji kazi, freti, kile kijichuma cha shingoni, ikichomoza au waya wa ndani ukikatika, analileta mwenyewe, anakaa kwenye kigoda mpaka nimalize, na hatoki hata kwenda msalani. Juzi alikuja na kidole cha kati kimefungwa kitambaa, kimeungua tena. Nililehemu waya akiangalia. Akanishukuru, akalitia begani, akaenda kulipeleka kwake kabla hajaingia zamu ya boila.